Nguzo ya Vipande ya Fundi Badawy

Marehemu baba yangu, Fundi Badawy Uthman, alizaliwa Siyu, kisiwa cha Pate, tarehe 4 Machi 1951. Alihitimu Qur'ani chuoni, akasoma hadi darasa la saba, kisha akashika randa ya babu.

Mwaka 1978 alikwenda Java, akakaa Demak miaka sita akijifunza kujenga misikiti. Huko paa lina tabaka tatu, umbo la Wajava tangu kabla ya Uislamu, na Waislamu wao wakalipatia maana yao: imani, Uislamu na ihsani. Wazee wa huko husimulia kuwa nguzo moja ya msikiti wao mkongwe iliungwa kwa vipande vya mbao vilivyosazwa. Baba hakuisahau nguzo hiyo.

Alimwoa mama, Bi Faiza, Mombasa mwaka 1986. Mwaka 2011 walikuja kwangu Crystal, Marekani, kunilelea watoto. Makaratasi yake ya ukaazi yakakwama. Akitoka Marekani, harudi. Nikamwambia, "Vumilia kidogo, Baba." Kidogo hiyo ikawa miaka kumi na tatu, mingi akitengeneza rafu za maduka Bloomington.

Msikiti wetu wa Frogtown, uliokuwa duka la matairi, ulipotaka kukarabatiwa, alichora paa la tabaka tatu. Mwenyekiti, Mzee Munir, akamwambia, "Badawy, hili ni hekalu."

"Na kuba, tulizaliwa nalo?"

Mchoro ulikataliwa. Ndipo akaanza kuunga nguzo sebuleni mwetu ghorofani, kwa mabaki ya mbao za kazini. Ilipokamilika haikupita kona ya ngazi. Nilimkemea, Mungu anisamehe: fundi mzima hupimi mlango? Akacheka. "Imeingia vipande, haitoki nzima. Kama mimi." Mimi sikucheka.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua, akawa hashuki tena ngazi. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Nasima, sikutia gundi." Nikadhani ni homa. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024.

Jana Mzee Munir alikuja kuiomba nguzo kwa ajili ya msikiti, msumeno mkononi. Nikakigusa kigingi kimoja kilichoshika vipande, kikatoka. Cha pili kikatoka. Hamna gundi, hamna msumari, na kila kipande kina namba kwa mwandiko wake. Kumbe yeye mlango aliupima. Aliyeusahau ni mimi.

Vipande viko msikitini. Baada ya maziko tutaviunga. Ameacha mjane, Bi Faiza, mimi mwanawe, na wajukuu wawili, Uthman na Fatimah. Mola amrehemu, na ampanulie kaburi lake, kwani kwetu alibanwa.