Bawa Juu, Bawa Chini

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana yangu, ng'ambo ya geti la uwanja mdogo wa ndege. Mimi ni fundi viti: vya magari, vya pikipiki, na vya ndege za chuo cha urubani kilichomo ndani ya uzio ule. Dada yangu anauza kahawa hapo hapo mlangoni kwangu, na tangu binti yake alipopata leseni ya kufundisha urubani, ukimwita kwa jina lake haitiki. Lazima useme Mama Rubani. Asubuhi moja, ndani ya uzio zilikuwa zimesimama ndege mbili za mtumba, za viti vinne vinne. Moja mabawa yake yako juu ya paa, nyingine yameota chini ya mlango. Chuo kilikuwa kinachukua moja tu. Na katika walimu saba, wengine wana mvi mpaka kwenye nyusi, mwenye chuo alikuwa amemwambia mpwa wangu: chagua wewe.

Habari kama hiyo benchi haliwezi kuinyamazia.

— Juu, alisema Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini kabla ya kustaafu. Hakuna mjadala. Bawa likiwa juu, ndege inaning'inia kama shati kwenye kamba. Shati gani umeliona limejipindua?

— Nayaona kila siku, akajibu Profesa, mwenye duka la fotokopi na msomaji wa kila karatasi inayopita kwenye mashine yake. Upepo kidogo tu, shati limeizunguka kamba mara tatu. Chini, bwana! Bawa likiwa chini, umekalia kitu.

— Mbona ndege wa Mungu mabawa yao yako mgongoni?

— Bata je?

— Bata hafundishi mtu urubani!

Nikaingiza langu. Nilisema bawa la juu lina kivuli, viti vyangu havitapauka. Waliniangalia kama mtu aliyecheka msibani.

— Sikilizeni niwape la kitaalamu, alisema Breki. Bawa juu, tangi juu. Mafuta yanateremka yenyewe mpaka kwenye injini, kama maji ya tangi la darini. Ile nyingine ni mambo ya pampu, mara uhamie tangi la kushoto, mara la kulia.

— Si ndiyo vizuri? Rubani hasinzii.

— Na mvua? Bawa la juu ni mwavuli.

— Mvua ya huko juu inatoka pembeni, we! Tena injini ikizima, ile ya bawa chini abiria wanatoka nje. Mmoja anasimama bawa la kushoto, mmoja la kulia, wanaiweka sawa mpaka inatua.

— Umeyaona wapi hayo?

— Nimesoma.

— Umefotokopi!

Hata Mama Rubani alicheka, yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa anamimina tu bila neno. Breki hakukubali kushindwa. Alisimama akatueleza kwamba bawa la juu huukata upepo kabla haujafika kichwani kwa rubani, na ndiyo maana marubani wa bawa chini ni wasahaulifu. Aliwahi kumbeba mmoja kwenye lori, akasahau viatu.

Hapo ndipo geti lilipofunguka, mpwa wangu akavuka barabara. Shati jeupe, mistari ya dhahabu mabegani, kalamu nyuma ya sikio.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee.

— Marahaba, Kapteni, tulijibu kwa pamoja, na Breki akaficha kikombe mgongoni kama mwanafunzi.

Alimbusu mama yake shavuni, akasimama akatusikiliza wote watatu tukimpa ushauri kwa mpigo. Hakumkatiza mtu. Tulipoishiwa pumzi, alisema:

— Ahsanteni. Wauzaji wamezirusha mbele yangu wakiwa peke yao ndani. Lakini sisi mwalimu huenda na wanafunzi watatu, mmoja anashika usukani, wawili nyuma wanatazama. Kwa hiyo nataka kuzipima zikiwa zimejaa watu wazima. Nahitaji watatu. Nani anakuja?

Breki aliinama kukaza kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Profesa alikumbuka kwamba mashine yake hupata moto ikiachwa. Na mimi, nisiwaseme wenzangu peke yao: nimeshona viti vya ndege miaka kumi na mmoja, nimevikalia vyote, na sijawahi kuvikalia vikiwa angani. Nilitazama nyundo yangu.

Dada yangu alifunika birika. Akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya beseni la vikombe.

— Mimi nina kilo themanini na moja, alisema. Twende.

Ungefanyaje? Nilinyanyuka. Breki naye akanyanyuka, akilalamika kwamba mwanamume hawezi kuachwa kwenye benchi na mwanamke anakwenda mawinguni. Profesa alijitolea kulinda kahawa.

Ofisini tulipanda mizani mmoja mmoja. Breki alitaja tisini, mizani ikasema mia na nne. Kapteni aliandika bila kutabasamu, akapiga hesabu ya uzito na mafuta mara mbili, akampanga Breki mbele na sisi ndugu wawili nyuma. Kila mkanda aliuvuta kwa mkono wake mwenyewe. Aliponifikia alininong'oneza:

— Mjomba, pumua.

Tulianza na ya bawa juu. Milango miwili, unaingia kama kwenye teksi. Ilipoacha ardhi nilimshika dada mkono. Alinitoa vidole kimoja kimoja.

— Niache nione.

Na kweli kulikuwa na kuona. Hakuna bawa lililotuzuia kutazama chini: paa la karakana yangu, kamba za nguo, foleni ya malori ambayo Breki aliitukana hata kutoka kule juu. Lakini tulipokata kona kurudi kutua, bawa la upande wa kona lilishuka likaufunika uwanja wote. Kapteni alilazimika kuinama na kuchungulia.

Ya pili ina mlango mmoja tu, na kuufikia ni lazima ukanyage bawa. Kapteni alimnyooshea mama yake mkono. Mama alikataa. Aliinua gauni kidogo, akaweka mguu pale palipopakwa rangi nyeusi, akapanda. Halafu hakuingia. Alisimama wima juu ya lile bawa, upepo ukimpiga gauni, akatazama ng'ambo ya barabara mpaka Profesa alipomwona. Profesa alisimama kwenye benchi na kuinua birika kwa mikono miwili.

Ile ndege ilichukua njia ndefu zaidi kuruka, na wakati wa kutua ilielea, ilielea, kama haitaki kukaa. Breki alisali kwa sauti. Lakini kwenye kona hakukuwa na kitu mbele ya macho. Uwanja ulibaki pale pale dirishani, na ndege ndogo ya mwanafunzi iliyokuwa inakuja nyuma yetu tuliiona sote.

Tulishuka, na ofisini walikuwa wanasubiri mwenye chuo na mwalimu mkuu, mmoja wa wale wenye mvi mpaka kwenye nyusi.

— Bawa juu, sivyo? alisema mwalimu mkuu. Tumefundishia za aina hiyo miaka ishirini.

— Bawa chini, alisema mpwa wangu. Itatusumbua. Inaelea, na kubadili tangi nitawakaririsha wanafunzi mpaka waote usiku. Lakini huwa tuna ndege tatu, nne, zinazunguka uwanja huu kwa pamoja. Mwanafunzi wangu akikata kona, nataka aone anakokwenda na aliyeko huko.

— Una hakika? aliuliza mwenye chuo.

— Nimezirusha zote mbili na mama yangu ndani.

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Mwenye chuo alinigeukia:

— Fundi, njoo kesho upime viti vya bawa chini.

Sijui nilivukaje barabara. Nilikuta benchi limejaa. Profesa alikuwa amewaita hadi wateja wake. Breki alikuwa ameshafika mbali, anasimulia jinsi alivyomsaidia Kapteni usukani. Mtu mmoja aliyekuja kutoa nakala ya cheti hakumjali. Alimwendea dada yangu, aliyekuwa anafunga tena aproni yake.

— Mama, wewe umepanda zote. Ipi nzuri? Juu au chini?

Hata Breki aliacha usukani wake, akageuka kumsikiliza.

Dada yangu alifikiri, birika mkononi.

— Mwanangu, mabawa sikuyatazama, alisema. Nilikuwa namtazama yeye.