Mzee Gamaliel Lusenge, Aliyepima Minara Kuanzia Jikoni

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mzee Gamaliel Lusenge anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Anaacha kiti chake cha ofisini kikiwa kama kipya. Hatukumwona akikikalia zaidi ya dakika kumi, na ukimuuliza anakwambia kile ni "kiti ya bageni", yaani cha wageni.

Aliajiriwa na ofisi yetu ya viwanja mwaka 1996, kule Butembo, kuwa mpimaji; hapa Beni alihamia baadaye. Simu za mkononi zilipoingia, minara ikaota kwenye vilima na nyuma ya maduka, na akahitajika mtu wa kuamua upi ujengwe wapi. Wakuu walitazama huku na huku, wakamwona yeye amesimama mlangoni. Basi kazi ikawa yake. Kanuni yake ni nyepesi: mnara ukianguka, usimfikie mtu. Mnara wa mita arobaini unataka mita arobaini za wazi kila upande.

Aliwahi kukosea, na tunalisema kwa kuwa yeye mwenyewe huwasimulia wageni hata hawajakaa. Mwaka 2009 aliruhusu mnara karibu na kwa Mama Godelive, muuza maharage wa Butembo. Alipima hadi ukuta wa nyumba, mita zikatosha, akasaini. Lakini jiko, kama kawaida yetu, lilikuwa kibanda cha peke yake uani, upande wa mnara, na kwenye ramani halikuhesabiwa kuwa nyumba. Upepo wa Novemba uliangusha kipande cha chuma, kikatoboa bati la jiko na kupasua sufuria. Kwa bahati, mwenyewe alikuwa ametoka kuchota maji. Kesho yake aliiweka sufuria ile mezani kwa Mzee, akitaka kujua kwa nini jiko halikupimwa: "Mu nyumba nalalaka tu, papa. Muchana yote niko ku jiko. Juu ya nini haukupima pale?"

 Mzee aliisumbua kampuni husika miezi saba mpaka mnara ukahamishwa. Tangu hapo anakwenda kupima saa za kupika, akitafuta kwanza moshi unatokea wapi. Karatasi ya ridhaa ya majirani, ambayo waume waliisaini wake zao wakiwa shambani, alianza kuisoma kwa sauti jikoni.

Msidhani anaichukia minara. Mwaka 2019 watu wa Mutwanga walitaka mtandao ili waweze kuita msaada mambo yakiharibika. Alipanda pikipiki, akaisogeza alama ya mnara hatua sitini kuelekea mlimani, akatoa kibali siku hiyohiyo. Mpaka leo wanampigia kila Jumapili, hawana shida yoyote, wanamsalimu tu.

Sasa nije kwenye jambo linalotunyima raha. Tangu Machi tuna faili la mnara wa mita arobaini hapa Beni, mtaani Bungulu. Mita ishirini na nane kutoka hapo ni jiko la Mama Hadjara, mjane anayekaanga mandazi ya kuuza huku wanawe wanne wakicheza miguuni pake. Mzee Gamaliel alikataa kusaini. Kampuni inayoutaka mnara ikaacha kubishana, ikawa inauliza kwa adabu tu anastaafu lini.

Mrithi wake ni mimi ninayeandika, Tumaini Sikuli. Wiki hii kampuni hiyo imenipigia simu nane, zote tamu kuliko asali. Nilimwendea Mzee anielekeze. Alinizungusha uwanja wa ofisi mara tatu, akinieleza habari za viazi vyake vya Lubero, na kuhusu faili hakutamka hata neno. Nilikasirika, sifichi.

Mzee Gamaliel, asante kwa soli zote ulizozimaliza kwa ajili yetu na kwa kila jiko uliloingia bila kuona haya. Mama Bénite, mkeo, tunamwomba msamaha mapema, maana sasa atashinda nawe nyumbani kutwa. Viazi vizae, magoti yakuache kwa amani, na siku zako ziwe nyingi na njema. Ila Jumatatu usije kuuliza habari za Bungulu. Faili nimelikataa leo asubuhi, na jina lililo chini ni langu peke yangu.