Viktorya Kalderon na Sauti ya Baba

Jamaa na majirani, nimeombwa nisome maisha ya dada yangu. Nitayasoma kama yalivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda kuremba maneno.

Marehemu Viktorya alizaliwa tarehe 2 Juni 1957, mtaa wa Kuzguncuk, hapa Istanbul. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Nesim Saporta, fundi saa na mwimbaji wa sinagogi, na Bi Rashel. Alisoma shule ya mtaani, kisha chuo cha sanaa, akahitimu usanifu wa ndani mwaka 1980.

Alianza kazi kwa kupamba madirisha ya maduka ya nguo huko Beyoğlu. Kutoka hapo akaingia kwenye makumbusho, akawa mbunifu wa maonyesho kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa mkali. Akikuta kibandiko kimekaa upande, hakulala yeye wala aliyekibandika.

Mwaka 1984 aliolewa na Albert Kalderon, muuza miwani, mtu mpole kupita kiasi. Walijaliwa watoto wawili, Selin na Dani. Shemeji alizoea kusema, "Nyumbani kwangu hata chumvi ina mahali pake pa kukaa. Na mimi pia."

Mwaka 2022 alipata kazi aliyoisubiri maisha yake yote: maonyesho ya muziki wa Wayahudi wa mji huu. Tarehe 3 Mei mwaka huohuo, baba yetu akafariki. Baada ya maziko, katika kabati la sinagogi ikapatikana kanda ya baba akiimba, ya pekee tuliyo nayo. Dada akaiweka katikati ya maonyesho. Ila kwetu, aliyefiwa na mzazi hasikilizi muziki mwaka mzima. Rabi alimwambia, "Hii ni riziki yako, binti yangu. Sikiliza tu." Akajibu, "Asante, Rabi. Lakini aliyekufa ni baba, si kazi."

Basi akayapanga maonyesho ya muziki bila kusikia hata wimbo mmoja. Aliketisha watu kitini mmoja mmoja, akawavalisha spika za masikioni, akawatazama nyuso. Shangazi Perla, dada wa baba, alipoisikia ile kanda alipayuka hadi walinzi wakaja mbio: "Nesim! Vuta pumzi kwanza, mbona una haraka?" Marehemu hakucheka. Alikigeuza kile kiti kikatazama ukuta, ili mtu agombane na wafu wake bila kutazamwa. Maonyesho yalifunguliwa Oktoba. Watu walipanga foleni, naye akabaki mlangoni.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitaka kitu kimoja tu: afike mwisho wa Aprili, mwaka wa baba uishe kwa kalenda yetu ya Kiyahudi, amsikie. Dani alimsihi, "Mama, sikiliza sasa. Nani atakulaumu?"

"Nyamaza, nipe chai," akamjibu.

Wiki iliyopita Rabi alikuja hospitalini, akamwambia kwa upole kwamba mgonjwa wa hali yake ameruhusiwa kusikiliza muziki. "Kumbe ndiyo hivyo," dada akasema. "Madaktari walikuwa wananizungusha tu na Aprili yao." Akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tukiwa watoto. Kisha akajifuta uso: "Haya, leteni."

Selin akaileta kanda. Mimi nilitoka nje nikafunga mlango, maana ruhusa ile haikuwa yangu. Niliporudi alikuwa amefumba macho. Nikamwuliza, "Dada, vipi? Baba aliimbaje?"

"Ondoka hapa, Moris," akasema. "Subiri mwaka wako uishe."

Alifariki jana, Jumatatu tarehe 13 Machi 2023, saa mbili asubuhi. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, Shangazi Perla, na mimi mdogo wake, ambaye bado nasubiri.

Nafsi yake na ifungwe katika furushi la uzima, alale kwa amani.