Mawaridi Aliyoyagawa Mama Bibiane

Daktari alipotoka, Mama Bibiane aliomba kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, kisha akawaita wanawe wasogee. Lyse, aliyekuja kwa treni kutoka Macquarie Fields, upande wa pili wa jiji, alikaa akamshika mkono. Ntwari, kaka yake, alibaki amesimama dirishani. Alijua mama atazungumzia mawaridi, na mawaridi hayakuwapo tena. Mama alipolazwa tu, yeye aliyang'oa yote mbele ya nyumba yake anamokaa na mama hapa Blacktown, akamwaga zege apate pa kuegesha gari la kazi. Hakumwambia mtu.

"Nisikilizeni, wanangu, na msinikate maneno, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia. Nyumba ni ya Ntwari. Fedha sina, deni sina. Nina mawaridi yale tu. Tulipotoka kambi ya wakimbizi Kigoma tukaletwa huku, nilipata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee kule Parramatta, na bibi mmoja wa pale akanipa vijiti, akaniambia nivichomeke udongoni. Baba yenu Bisimwa alicheka, eti tumekimbia vita tuje kulima kisicholiwa; lakini nikiwa zamu, ni yeye aliyemwagilia.

"Lyse, ule mti mwekundu unaotambaa langoni ni wako. Huku waridi jekundu ni la wapendanao. Baba yenu hakunipa hata moja, akisema mtu hapewi ua alilolipanda mwenyewe. Wa pinki, wenye petali zilizobanana kama kabichi, msiukate: petali zake ndizo nilizotia kwenye maji ya kumwogeshea mtoto wako, na vile vitunda vinavyobaki ua likipukutika ndiyo chai ya kifua changu. Ule wa njano mkatieni jirani yetu Gakii mche. Aliwahi kukata tawi bila kuomba, na tangu hapo tunapishana mlangoni kama hatujuani. Mwambieni yameisha.

"Mweupe ni wa kanisa. Kila mwenzetu tuliyemzika huku, jeneza lake lilibeba maua yangu, kwa sababu ndugu zetu wako mbali, na mtu asifukiwe mikono mitupu. Na mimi mniwekee hayohayo. Ya dukani msiniletee, hayanuki."

Akapumzika, akageuza uso kuelekea dirishani.

"Na wewe Ntwari, mbona umesimama kama mpita njia? Nilijua ulikuwa unaona haya nikisimama stesheni na ndoo yangu nikiwagawia watu maua. Ulikuwa unapita upande wa pili. Sikukasirika, na ndiyo maana nakuachia wewe kuyatunza. Majira ya baridi uyapunguze matawi, usiogope, yata..."

"Mama."

"Niache nimalize."

"Mama, hayapo."

Lyse aligeuka. "Hayapo vipi?"

"Niliyang'oa. Nimemwaga zege." Alitaka kueleza habari za gari na faini za kuegesha barabarani, lakini maneno yote aliyokuwa ameyaandaa yalimnukia vibaya mdomoni.

"Yote?" mama akauliza.

"Yote."

"Hata mweupe?"

Ntwari akainamisha kichwa.

"Kumbe nimekaa hapa nagawa zege," Mama Bibiane akasema polepole. "Mwanangu, ungengoja nife kwanza."

Lyse alifungua mdomo. Mama akambana kidole. "Nyamaza. Usimgombeze nikisikia, wala nikishaondoka." Sauti ilikuwa inakwama sasa, akawa anasubiri pumzi kati ya neno na neno. "Nizikeni bila ua. Watu watauliza... watauliza, maana wamezoea. Asijibu mchungaji, asijibu Lyse. Ntwari atasimama... awaambie mwenyewe."

"Nitawaambia, mama."

"Kwa Gakii nako... mwende hivyohivyo. Mikono mitupu."

Ntwari alitamani mama amtukane, hata amfukuze chumbani. Ingekuwa nafuu. Badala yake alimwona anauvuta mkono, anauweka juu ya kichwa cha Lyse.

"Mungu akufunike, binti yangu. Mtoto wako akue... akuzike yeye. Na wewe, Ntwari..."

Mkono uliinuka kuelekea dirishani, ukaanguka juu ya shuka. Midomo ilikuwa bado inacheza, bila sauti. Ntwari alivuka chumba, akapiga magoti, akauinua ule mkono, akaingiza kichwa chake chini yake, akatulia hapo hajui kama maneno yamekwisha au la.