Kasiksi ya Maziwa

Wamama wa shirika letu la sala, ndugu zangu, nitasoma kwenye kayee yangu, hili daftari. Nikisema bila karatasi nitalia, ao nitatukana mutu. Shule niliachia primere ya tano, kwa hiyo munivumilie. Na nikimuhukumu mutu bure, anikatize hapa hapa, asingoje tufike barabarani.

Nilikuwa nauzisha sambaza, wale samaki wadogo, kule soko la Kituku, kando ya ziwa. Wanaoijua ile kazi wanajua: maji inakupiga miguu, baridi inaingia mifupa, na mwenzako anakumiminia kanyanga, ile pombe kali, kwenye kifuniko cha chupa. "Kunywa, mama, damu itembee." Simulaumu. Kifuniko kilikuwa chake, mukono ulikuwa wangu. Mwaka haukuisha, nikawa nakunywa mbele ya kula. Musichana wangu wa kwanza alikutwa kwa jirani anaomba chakula, na mimi nimelala mulangoni. Mama mukwe akatoka Rutshuru, akamuchukua. Alikuwa na haki. Naandika hivyo na bado inaniuma.

Bwana yangu pia alikuwa anakunywa. Yeye walisema, "Papa amechoka na kazi." Mimi waliniita malaya. Kasirikeni kidogo na ninyi, nisikasirike peke yangu.

Nilipopata mimba ya pili, niliacha. Mama muganga wa hospitali alinifuata hatua kwa hatua, juu mwili ulitetemeka sana. Mama mukwe akanitumia neno: "Nikisikia harufu ya pombe kinywani mwako siku moja tu, na huyu nitakuja kumubeba." Miezi tano sikuonja.

Nikazaa mutoto mwanaume. Siku ya nne mukaja kuniona. Ndiyo, ninyi. Mukaimba, mukaombea mutoto, mukaleta sabuni na kuni. Na bidoni, dumu zima, ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ya kushusha maziwa, sawa vile kila muzazi wa huku anavyoletewa.

Nikasema, "Mimi niliacha."

"Uliacha pombe," mumoja akanijibu. "Hii ni maziwa ya mutoto."

Mwengine akadakia: "Amekuwa masera huyu, mutawa kabisa! Utamunyonyesha nini, mama, rozari?"

Mukacheka wote. Na mimi nikacheka. Ndugu zangu, nilianguka pale, katika kile kicheko, kikombe hakijafika hata mudomoni. Niliogopa kuonekana mwenye majivuno mbele ya watu walionibebea kuni. Nikakunywa kikombe kimoja. Mulipotoka, bidoni nikaimaliza siku tatu. Ya nne nikatuma mutu aniletee kanyanga.

Nawaambia macho kwa macho: hasira ile haijatoka. Miezi tano munaniombea niache, halafu munaniletea bidoni! Lakini nimejiuliza mara mingi: kama ningekuwa katikati yenu siku ile, ningebeba nini? Ningebeba bidoni.

Mumoja wenu alirudi peke yake. Simutaji, naona ameangalia chini. Alikuta chupa kando ya mutoto. Hakusema aibu. Aliuliza, "Leo umekula nini?" Sikuwa nimekula. Akamwaga ile chupa, akapika buyi, uji wa mutama, nikala. Akamubeba mutoto mugongoni, akanirudisha kwa mama muganga. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Siku zingine alichambua maharagi tu, akaenda.

Juma la tatu mama mukwe akafika. Kinywa changu kilikuwa safi, ningeweza kunyamaza. Lakini nilichoka kuogopa ulimi wa watu. Nikamuambia mwenyewe: "Mama, nilikunywa. Ilianza na kasiksi ya maziwa."

Akainuka, akanyoosha mikono, akamutoa mutoto kifuani mwangu. Halafu akasita. "Kasiksi gani?"

"Bidoni waliyoleta wamama."

Akakaa chini, mutoto mikononi. "Ni mimi niliituma," akasema. "Ndizi zilikuwa zangu."

Nilimupigia makelele. Mama mukwe, munasikia? "Unanitisha kwa mutoto, na wewe ndiye unaninywesha!" Sijui kama nilifanya vizuri, heshima ilinitoka. Yeye hajaonja pombe maisha yake yote. Kwake ile ilikuwa dawa. Hakuniomba samahani, hiyo pia niseme. Alinirudishia mutoto, akasema, "Munyonyeshe." Kesho yake alirudi Rutshuru mikono mitupu.

Musichana wangu bado yuko kwake. Mimi nina mwaka na nusu bila kuonja. Ya kesho siyajui.

Aksanti kwa mama muganga. Aksanti kwako wewe unayeangalia chini. Aksanti kwenu pia, kwa kuni, sitasahau kuni.

Lakini munisikilize. Kuna mama katika kartie yetu, mutaa huu huu, ameacha kama mimi, na atazaa mwezi huu. Maziwa inashuka kwa buyi, kwa maharagi, kwa mutu wa kukaa naye. Atakayefika kule na bidoni atanikuta mulangoni. Nimeshamuomba mama huyo kiti, na amekubali.