Risala ya Wanakijiji wa Nukudrala kuhusu Petroli, Dumu Jekundu na Mlango wa Jikoni

Mgeni rasmi, "Ukilitaja jina langu humo nitaichoma hiyo karatasi pamoja na wewe." Hayo ndiyo uliyoyasikia wakati unavua viatu hapo mlangoni, ukacheka, ukasema, "Kumbe Nukudrala bado mnachoma vitu?"

Mwenye sauti ile ni mama Vasiti, mpishi wetu mkuu. Aliyemjibu, "Jina lako lisipotajwa, hii risala tunamsomea nani, kuku?" ni mzee Eparama, mwenyekiti wa kijiji. Na aliyekuwa katikati hapo nje, shati linavutwa huku na huku, ni mimi Isireli, niliyemaliza shule mwaka jana na sijapata pa kwenda, kwa hiyo kila cha kusomwa napewa mimi. Sehemu hii haimo kwenye karatasi. Nimeiongeza ili usidhani tuna ugomvi mwingine. Mwisho mama Vasiti alisema, "Someni mnavyotaka, mimi sisikilizi," akarudi jikoni. Basi nasoma.

KARIBU

Bibi Ulamila Nabogi, afisa wa zimamoto kutoka mjini Suva, mtoto wa Delaisau ng'ambo ya ghuba, mtani wetu. Sisi wanakijiji wa Nukudrala, chifu wetu akiwa ameketi hapa mbele yako, tumepokea mzizi wa kava, kinywaji chetu cha heshima, uliotuletea na tumeshukuru, ingawa ni mdogo. Wazee wameniambia niseme ni mkubwa. Lakini wewe ni mtani, tukikusifia utadhani tunaumwa.

Tunashukuru umekuja na bahari ilivyochafuka. Tunashukuru zaidi kwamba ulikuja mara ya kwanza, siku ambayo hatukushukuru.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, unajua ilivyo kati ya Delaisau na Nukudrala. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kuku wako, unamshika mkono na kumsindikiza. Sasa Serikali ilipotafuta mtu wa kutufundisha habari ya petroli, maana hapa boti ya nesi na za wavuvi zote zinakunywa hiyohiyo, ikamtuma mtani. Kosa letu lilianzia hapo. Tukajua kila utakachosema siku ile ni utani.

Ulisimama hapahapa ukasema petroli haiwaki yenyewe, kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke wake mzito, unatambaa chini sakafuni mpaka uukute moto, hata kama moto uko mbali na dumu. Mzee Eparama akauliza, "Unatambaa kama watu wa Delaisau wakinusa samaki?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ukasema dumu lijazwe likiwa chini, si ndani ya boti, na lisijazwe hadi mdomoni. Ukasema dumu lililobaki na petroli kidogo ni la kuogopwa kuliko lililojaa, maana limejaa mvuke. Ukasema anayenyonya petroli kwa mpira, akiimeza, asitapishwe, apelekwe kwa nesi. Manasa, nahodha wa boti ya nesi, akasema yeye amenyonya tangu akiwa mdogo na ameota ndevu nzuri. Ukamjibu, "Ndevu ndiyo, akili je?" Tukacheka tena.

Mtu akiungua, ukasema, maji ya bomba yatiririke juu ya kidonda muda mrefu, msipake kitu. Bibi mmoja akauliza, hata dawa ya meno? Ukasema, "Paka, kama unataka mguu utabasamu."

Halafu ukatuonyesha madumu mapya mekundu. Ukasema jekundu ni la petroli tu, kijiji kizima, daima, mtoto asiyejua kusoma ajue kwa macho. Uliposhuka pwani, madumu hukuyaona. Ulidhani umeyasahau. Mgeni rasmi, tuliyaiba sisi. Ni haki yetu kwa mtani, hatuombi msamaha kwa wizi. Tunaeleza tu tulichoyafanyia. Tuliyatia maji ya kunywa, yakawekwa jikoni kwa akina mama, na kila tukinywa tulisema, "Asante Delaisau."

Na jambo la mwisho ulilosema siku ile ni tusi. Mababu zenu walipokuja kuomba viazi wakati wa njaa, mnasema, mababu zetu walitoka nje wakafunga milango ili nyumba zionekane hazina watu. Mnatuita Wafunga Milango mpaka leo. Basi ukasema, "Nyie kuna kitu kimoja tu mnakijua vizuri tangu mababu. Petroli ikiwaka ndani, msimwagie maji, itaelea juu yake na kutembea nayo. Fanyeni kazi yenu. Toka, funga mlango, moto ulale njaa kama sisi."

Hilo lilituuma. Ndiyo maana tulilikumbuka.

YALIYOTUPATA

Mwaka jana tulikuwa na wageni wa kanisa. Ukumbi huu ulijaa, chifu ameketi, kava inazunguka. Jikoni alikuwa mama Vasiti na mjukuu wake Losalini, wanapika muhogo na samaki wa tui.

Manasa alikuwa anatoka kwenye boti na petroli iliyobaki. Na hapa naomba usikilize vizuri, maana mtu pekee aliyefuata somo lako kijiji kizima ni Manasa, mwenye ndevu. Alikuwa amenunua dumu jekundu, kwa sababu ulisema jekundu ni la petroli. Wakamwita asaidie kubeba nguruwe. Akaliweka dumu chini, kando ya mlango wa jikoni, pembeni ya dumu letu jekundu la maji.

Mama Vasiti akasema, "Losa, nisogezee lile jekundu."

Mtoto akaburuta la karibu. Akafungua mwenyewe, kama alivyozoea, likamlalia, likamwagika. Mama Vasiti anasema alisikia harufu kabla hajageuka. Mekoni kulikuwa na moto. Ule mvuke ulitambaa kama ulivyosema, na moto ukaja kuupokea njiani.

Mama Vasiti alimnyakua mtoto, akapiga teke kijiti kinachoshikilia dirisha, dirisha likaanguka likafunga, akatoka, akauvuta mlango wa bati. Mtoto alikuwa kwenye mkono mmoja, kwa hiyo mlango aliufunga kwa kiganja cha mwingine, na bati lilishapata moto. Aliushikilia mpaka komeo likaingia.

Sisi wanaume tukaja na ndoo za maji. Akasimama mbele ya mlango.

"Pisha, mama, tuuzime," mzee Eparama akasema.

"Atakayefungua mlango huu nitampika yeye badala ya nguruwe. Leteni mchanga."

"Jiko linaungua, Vasiti."

"Liungue. Yule wa Delaisau alisema toka, funga mlango. Nimetoka. Nimefunga. Mchanga."

Tukaleta mchanga, tukaziba chini ya mlango. Humu ukumbini watu walitoka kwa mlango wa mbele, na kwa kuwa chifu ameketi, kila mmoja akapita ameinama na kuomba radhi, "Tulou, tulou," mpaka chifu mwenyewe akasema, "Acheni tulou zenu, tokeni." Lakini moshi wa jikoni ulioingia humu ulikuwa unapita juu, na aliyeinama hakuuvuta. Kwa hiyo hata adabu ilisaidia.

TUNAYOJIVUNIA

Jiko liliungua ndani kwa ndani, likakosa pumzi, likazimika. Ukumbi huu, ulioezekwa kwa majani na uko hatua chache tu kutoka pale, haukuguswa, na watu wote waliokuwamo wapo. Losalini aliungua mguu, tukamkalisha chini ya bomba mpaka akalalamika baridi. Yule bibi alikuja na dawa ya meno, watoto wakamwimbia, "Mguu utatabasamu," akairudisha mfukoni. Losalini yuko darasa la pili na anaruka kamba.

Leo petroli ina kibanda chake, mbali na moto na mbali na nyumba. Madumu ya maji ni meupe. Manasa hanyonyi tena, ana pampu ya mkono, na anajisifu kama aliivumbua yeye.

SHIDA ZETU

Shida tunayo moja. Hatuombi bati wala simenti.

Mama Vasiti haamini kwamba aliokoa mtu. Anasema, "Nilimwambia mtoto aniletee lile jekundu. Ni mdomo wangu." Tumemwambia dumu la maji jekundu ni wizi wetu. Mzee Eparama amemwambia mbele ya watu kwamba mkono uliobeba yale madumu kutoka kwenye mzigo wako ni wake. Haisaidii. Sisi ni jamaa zake, anasema tunampoza. Hajaingia ukumbi huu tangu siku ile. Akipita nje anaangalia upande wa bahari. Na kwa boti ya Jumamosi anaondoka, anakwenda kuishi kwa mwanawe mjini Nadi, mkeka ameshaukunja. Leo anapika mara ya mwisho, kwa sababu ni wewe.

OMBI

Mgeni rasmi, sisi hatuwezi kumwambia. Wewe ndiye mwenye somo, na wewe ni mtani, hupozi mtu. Ukimwonea huruma atakuchukia. Mtukane kwanza kama kawaida, sema muhogo haujaiva. Halafu muulize akuonyeshe kiganja. Halafu mwambie, kama ni kweli, na sisi tunaamini ni kweli, kwamba ule mlango aliufunga sawasawa.

Chakula amekubali kukuletea mwenyewe, kupitia mlango wa nyuma, kwa sharti moja: ukumbi usiwe na mtu mwingine. Kwa hiyo, mgeni rasmi, hatutakupigia makofi wala hatutaimba. Chifu atatangulia, wazee watafuata, akina mama na watoto, na mimi wa mwisho, maana karatasi ninayo mimi. Mababu zetu waliwafungia ninyi nje. Sisi leo tunakufungia ndani, na chakula kipo.

Mungu akulinde kwenye bahari ya kurudi. Akulinde na moto wa watu wengine kama ulivyotulinda na wa kwetu. Madumu yako mekundu tumeyaosha, yako pwani karibu na boti yako. Ukiyasahau tena, shauri yako.

Ni sisi, wanakijiji wa Nukudrala, Wafunga Milango.

Wameshatoka wote. Nasikia anakuja, vyombo vinagongana. Nakunja karatasi, natoka, nafunga mlango.