Bwana Bado na Siku ya Kuuziana Hewa

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu popote mlipo, jikoni, kiwandani, au mmekaa tu kibarazani mkisubiri jua lipungue. Karibuni. Leo nitasema polepole, mtanivumilia. Juzi tumemzika mtu, na sisi kuzika tulishachoka tangu miaka ile ya ugonjwa. Mtu mwenyewe mnamjua. Jina lake la cheti wengi hamlijui, na yeye alishazoea. Mlimwita Bwana Bado.

Bwana Bado alikuwa afisa mipango katika ofisi ya jiji. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: ni yule afisa mipango aliyepanga jinsi jiji hili litakavyofunguliwa tena wakati wa ugonjwa. Kila jioni alikuwa akija hapa studio, barakoa imemkaa upande, macho mekundu kwa vikao, na ninyi mnapiga simu kumuuliza. Saluni lini? Gereji lini? Soko kuu lini? Naye anavuta pumzi na kujibu, "Bado." Fundi mitambo wetu alikuwa akimtania, "Mzee, tukurekodi neno hilo mara moja tu, uwe unalala nyumbani." Alicheka, lakini hakulala. Na jina likamganda.

Alikuwa kitindamimba. Mama yao alifariki yeye hajaanza shule, na dada yake mkubwa, naye msichana tu, akamlea. Dada huyo aliuza vyombo soko kuu: sufuria, sahani, mabakuli. Anauza mpaka leo. Mtoto alikulia chini ya meza ile. "Alikuwa anazipanga sufuria kwa ukubwa," dada mtu anasema. "Mteja akinunua ya katikati, yeye analia. Nikajisemea, huyu atakuwa mtu wa mipango au atakuwa mwehu." Sufuria hizo ndizo zilizomsomesha mpaka chuo kikuu. Hilo mlishike, wasikilizaji wapendwa, maana ndilo lililomtesa baadaye.

Ugonjwa ulipoingia, kila kitu kilifungwa, na soko kuu likafungwa pia. Miezi ikapita. Hapo ndipo meya alipomkabidhi kazi ambayo kila mtu ofisini aliikwepa kiaina: kupanga jiji lifunguke vipi. Nini kianze, nini kifuate, watu warudi kwenye riziki zao bila kujazana hospitalini. Ukifungua upesi, unazika. Ukichelewa, watu wanalala njaa. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, lakini hawakutuambia tuchague nusu ipi.

Akaanza na gereji. Wakafuata washonaji na mafundi viatu, milango na madirisha wazi. Akaibembeleza ofisi ya jiji isiwatoze ushuru watu iliowafungia. Barabara ya nyuma ya soko akaizuia magari, ili meza zitakapotoka nje zisibanane. Ila soko lenyewe akaliweka mwisho, kwa sababu ndipo watu wanapojaa kuliko kwingine kote. Na humo ndimo mlimokuwa na kizimba cha dada yake, kimetiwa kufuli kama cha mtu mwingine yeyote.

Mpwa wake, binti wa dada huyo, anakumbuka. "Mjomba alikuwa akija kututazama anasimama barabarani, haingii ndani. Mama anamuuliza kutoka dirishani, soko lini? Mjomba anasema, bado, Dada. Mama anafunga dirisha."

Ninyi mlicheka na neno lile. Katika nyumba ile halikuchekesha. Mlo wa mchana ulikuwa umeshakatwa. Alituma fedha, dada akazirudisha. "Mimi si ombaomba wake," anasema. "Nilitaka kazi yangu. Nilimlea kwa kazi yangu, sasa yeye ndiye ananinyima?" Maneno hayo yalimfikia mdogo mtu, maana nyumba haikosi wa kupeleka habari. Aliendelea na vikao.

Basi ikamjia fikra ambayo kikao kizima kilidhani amechanganyikiwa kwa uchovu. Alitaka soko lifunguliwe siku moja bila bidhaa. Narudia: bila bidhaa. Wauzaji wakae kwenye meza tupu, wanunuzi waje na vikapu vitupu, wauziane hewa. Yeye atasimama juu, kwenye varanda ya ofisi ya soko, aone watu wanajazana wapi. Akishaona arekebishe, ndipo afungue kweli.

"Afisa," mwenyekiti wa soko akamuuliza, "na chenji tutoe hewa?"

"Na chenji pia."

Nilikwenda na kinasa sauti changu. Sakafu ilikuwa imepigwa rangi, mishale ya kuingia na kutoka, alama za mtu asimame wapi. Watu waliingia kwa adabu kama wanaingia kwenye mtihani. Kisha utani ukaanza. Mama mmoja alimgombeza mteja, "Usinibonyezee nyanya zangu," na mezani hapakuwa na nyanya. Mzee mwingine alibishana bei ya viazi hewa mpaka akasusa, akaondoka zake kweli. Ilikuwa miezi mingi sijasikia watu wakicheka pamoja. Nilimtazama Bwana Bado pale juu. Alikuwa ameegemea ukuta, ametulia, mtu anayeona mpango wake unakwenda. Siku hiyo niliamini kesho yake soko litafunguliwa.

Sasa sikilizeni. Mkabala na meza ya sufuria palikuwa na meza ya vikapu. Muuza vikapu na dada wa Bwana Bado walikuwa wametazamana kwenye ujia ule tangu usichana wao. Walipelekeana wateja, waliuguziana watoto. Tangu soko lifungwe walikuwa hawajaonana. Mama wa vikapu alichelewa. Aliingia kwa lango la kuingilia, akafuata mishale, akafika mezani kwake, akainua macho.

Dada akatoka nyuma ya meza.

Walikumbatiana. Hawakupiga kelele, walishikana tu, wakayumba kidogo. Walio karibu waliwaona, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kama kuharibika ndiyo neno lenyewe. Kila mtu alimwona mtu wake. Soko zima lilimwagika kwenye njia zake, watu wanashikana, wanafutana machozi kwa viganja, barakoa zimeshuka kidevuni. Wachukuzi walimnyanyua mwenyekiti juu juu. Hakuna aliyekumbuka kuuza, hata hiyo hewa.

Juu kwenye varanda, Bwana Bado aliishika reli kwa mikono miwili. Alikuwa amepanga pa kunawa, pa kulipia, pa kutupia taka. Hakupanga pa kusalimiana. Yeye, aliyekulia chini ya meza ya soko, alisahau kwamba nusu ya watu huja sokoni kuonana, kununua ni kisingizio. Aliniambia hivyo mwenyewe, na aliniambia akiwa na haya.

Jioni alikuja hapa. Nikamuuliza mlichotaka nimuulize. Akasema, "Bado." Simu zililia mpaka zikatuchosha. Mlimsema, wasikilizaji wapendwa, tusifichane, na wengine mlimtukana. Mmoja alisema vijana wachukuzi ndio walioharibu, wakamatwe. Bwana Bado akamkatiza. "Hakuna aliyeharibu. Mpango ulikuwa na tundu, na mwenye mpango ni mimi." Nani alianza, hakusema hata siku moja. Lakini aliona. Na dada yake alijua kwamba ameona.

Wiki ile ile dada alipata homa. Ikampitia kama mafua, ikaondoka. Mama wa vikapu naye alipata homa. Yake haikuondoka. Walimpeleka hospitali, na hakurudi. Nani alimpa nani, au kama aliupata nyumbani kwake ambako mumewe naye alikuwa akikohoa, hakuna ajuaye, na madaktari walisema hivyo hivyo. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, kwa amri aliyoiandika Bwana Bado mwenyewe. Dada yake alikuwa bado amejitenga chumbani. Hakwenda kumzika rafiki yake.

Fikirini mzigo huo. Kama soko lingefunguliwa siku ile, tungezika wengi, hilo liko wazi. Kwa hiyo alikuwa sahihi kulifunga. Lakini ni yeye aliyewaita watu wale waje wauziane hewa. Wasingeitwa, wasingekumbatiana. Mtu anaweza kukaa na jambo hilo maisha yake yote na asipate pa kuliweka, na yeye hakupata.

Alichofanya ni kurudi kazini. Uwanja wa maegesho ulio kando ya lango aliujaza viti vya mbao, vimetazamana kwa umbali, juu hakuna paa. Watu wakae hapo kwanza. Wasalimiane, waulizane hali, walie kama wana la kulilia. Wakimaliza ndipo waingie sokoni wakiwa watulivu. Kwenye kikao mtu wa fedha alimuuliza, "Yaani jiji ligharamie watu kupiga soga?" Akamjibu, "Wasipopiga pale, watapiga ndani." Wakampitishia shingo upande.

Wakafanya zoezi la pili, na safari hii watu walitoka kule vitini koo zimekauka kwa soga, wakaingia, wakauziana hewa kwa utulivu. Ndipo soko likafunguliwa. Nalirudia hilo kwa sababu tumelisahau mapema mno: soko kuu lilifunguliwa, na hospitali haikufurika. Wenye maduka ya jirani wakafuata, mikokoteni ikarudi barabarani, jiji likaanza kupumua. Si wote waliorudi. Vizimba vingi vilibaki na kufuli, na cha vikapu kimojawapo. Siku ya ufunguzi Bwana Bado alisimama langoni. Dada yake alipita mbele yake, akaitikia kwa kichwa kama anavyomwitikia askari, akaenda kupanga sufuria zake.

Baada ya hapo hakuwa mtu yule tena. Alisinzia vikaoni. Alistaafu bila sherehe, kwa ombi lake. Moyo ulipoanza kumsumbua, dada yake ndiye aliyekwenda kumchukua. "Nani mwingine angemchukua?" anasema. "Damu ni nzito." Akampa chumba, akamfulia, akampikia. Mchana alimkalisha nyuma ya meza sokoni, na wateja waliomjua walimpa mkono, naye akawaambia bei za mabakuli, mara nyingi akikosea.

Mpwa wake alikuwapo mchana mmoja nyumbani, wamekaa mezani watatu. Anasema mjomba alikiweka kijiko chini. "Akamwambia mama, Dada, nilikosea? Mama hakuuliza nini. Mimi pia sikuuliza nini. Wote tulijua. Mama akamwambia, kula kwanza, chakula kinapoa. Akala. Hakuuliza tena."

Alifariki wiki iliyopita, kitandani, baada ya kuomba maji.

Kwa dada mtu, kwa binti yake, kwa wenzake wa ofisi ya jiji waliokonda naye kwenye vikao vile, na kwa watu wa soko kuu, poleni sana. Sisi hapa redioni tunasema poleni, na tunajipa pole wenyewe, maana alikuwa wetu. Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba jambo moja tu. Kama kuna mtu aliwahi kukuuliza swali la moyoni, nawe ukamjibu habari ya chakula, au ya mvua, au ukajifanya hukusikia, na mtu huyo yu hai, basi zima redio uende. Sitakasirika.

Kwa wanaobaki: dada yake ameketi mbele yangu sasa hivi. Maneno yake mliyoyasikia leo nimeyapata hapa hapa, kabla hatujaingia hewani. Aliomba dakika moja. Nilimwuliza anataka kuwaambia nini wasikilizaji, akasema hana neno na wasikilizaji, ana neno na mdogo wake. Mama, sogea karibu na kipaza sauti. Ndiyo, hapo panatosha.

"Mdogo wangu, uliniuliza. Nilikusikia. Nilidhani muda upo, kila siku nikasema nitakujibu kesho. Hukukosea kutuita, na hukukosea kutufungia. Mimi ndiye niliyetoka nyuma ya meza. Ulikuwa unajua, nami nikakuacha ulibebe jambo lile peke yako, kwa sababu lako lilikuwa linasemwa redioni na langu halisemwi na mtu. Tumekaa nyumba moja, tunakula sahani moja, kila mmoja na mzigo wake, kumbe ni mmoja. Mimi nimechoka. Najua na wewe ulichoka. Basi utue, mdogo wangu. Nimeshakujibu."